Kabla Mama Hajatia Saini

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Himdi zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ama baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, tuliahidi kuendelea na mazungumzo yetu ya matumizi ya nyumbani. Tunayaahirisha kwa wiki moja, kwa kuwa tumeletewa barua ambayo jawabu lake halingojei. Imeandikwa na mama wa watoto wanne. Mumewe yuko Doha kikazi, na mwanawe wa pili, kijana wa miaka 17, tangu amalize mtihani wa Kidato cha Nne hashindi nyumbani. Hushinda kwenye gereji ya mjomba wake. Wawili hao wamelifufua gari kuukuu aina ya Toyota Starlet, wakalitoa viti vya nyuma na kuichokora injini mpaka ikabadilika sauti. Sasa zinaandaliwa mbio za madereva wasiolipwa kwenye uwanja wa udongo nje ya mji, na kijana anataka kuingia. Kwa kuwa hajatimiza miaka 18, fomu inahitaji saini ya mzazi. Ni ukurasa mmoja. Nusu yake ni jina, namba ya simu na aina ya gari. Nusu ya pili yasema kwamba mshiriki anaingia kwa hatari yake mwenyewe, na kwamba waandaaji hawatadaiwa lolote.

Mama anasema alipoonyesha wasiwasi, nduguye alimjibu kwa maneno tunayoyajua sote: ajali haina kinga, na siku ya mtu ikifika humkuta hata kitandani. Anatuuliza: "Nitie saini au nimzuie? Nikimzuia, nachelea ataenda kukimbia barabarani usiku. Nikitia saini, nachelea kwamba nitakuwa nimemtoa mwenyewe."

Tumeisoma barua hii mara kadhaa. Mama huyu si mwoga wala si mkali. Amezitazama khofu mbili na kuona kwamba zote zina uzito. Tutajitahidi kumjibu yeye, na kwa kupitia kwake wazazi wengine ambao wana vijana wenye mikono myeusi ya grisi.

Tuanze na kauli ya mjomba, kwani hiyo ndiyo inayofunga milango ya mazungumzo katika nyumba zetu nyingi. Neno "ajali" tumelipokea kutoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, kikomo cha umri wa mja. Katika Kiswahili likachukua maana mbili: siku ya kufa aliyoandikiwa mtu, na pia mgongano, anguko au mkasa wowote wa ghafla. Maana hizo mbili zikikaa katika neno moja, hutufanya tuone kila gari lililopinduka kuwa ni ile siku iliyoandikwa, na kwa hivyo hakuna wa kuulizwa. Lakini gari likipinduka kwa sababu nati za gurudumu hazikukazwa, palikuwa na mtu aliyepaswa kuzikaza. Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu, na hatumruhusu yeyote aitikise. Hata hivyo, kadari haijawahi kuwa hoja ya fundi mvivu. Sote tumefundishwa tangu chuoni kisa cha yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, aliambiwa amfunge, kisha atawakali. Na wanazuoni wetu, wakiwemo Imamu Ghazali na Shatibi, wanapoyahesabu mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, wanaitaja nafsi ya mwanadamu miongoni mwake.

Upande wa pili wako wanaosema kwamba mbio zenyewe ni upuuzi na zipigwe marufuku moja kwa moja. Hatuko pamoja nao. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaa mashindano ya farasi, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tunawaomba wasomaji watazame namna mashindano hayo yalivyopangwa. Farasi waligawanywa makundi mawili. Wale waliokuwa wametayarishwa kwa mazoezi na lishe maalumu walikimbia kutoka al-Hafya hadi Thaniyatul Wadaa, mwendo ambao wapokezi wameukadiria kuwa maili tano, sita au saba. Wale ambao hawakutayarishwa walikimbia kutoka hapo Thaniya hadi msikiti wa Bani Zurayq, mwendo wa kama maili moja. Basi kila mnyama alipewa njia inayolingana na matayarisho yake, na njia ilikuwa na mwanzo na mwisho uliojulikana. Alama hizo mbili ndizo tunazozitafuta leo tunapoutazama uwanja wa mbio za magari: je, madereva wametengwa kwa uwezo wao, na je, njia ina mipaka?

Swali la mama juu ya barabara ya usiku nalo si dogo. Nchi yetu imezipenda mbio za magari tangu 1953, zilipoanzishwa mbio za Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na majina kama Joginder Singh na Shekhar Mehta yalitajwa katika baraza za nyumba zetu kabla ya vijana hawa kuzaliwa. Mbio hizo ziliporudi kwenye mashindano ya dunia, Juni 2021, baada ya miaka 19, mapenzi hayo yakaamka upya. Kijana aliyeambukizwa mapenzi hayo asipopata uwanja, atatafuta barabara. Huko barabarani atakutana na bodaboda isiyokuwa na taa, punda, na mzee anayerudi kutoka swala ya Isha, watu ambao hawakukubali kuingia katika mchezo wake. Kwa hivyo tunasema wazi kwamba uwanja ni bora kuliko barabara. Lakini ubora huo una sharti: uwe ni uwanja kwa maana yake, si shamba lililozungushiwa utepe.

Jambo ambalo huenda mama hakulitarajia ni kwamba katika mbio za aina hii, anayepaswa kuogopewa kwanza si dereva. Dereva yuko ndani ya chuma, amefungwa mshipi na amevaa helmeti. Aliyesimama ukingoni ana kanzu au buibui, na pengine mtoto mabegani.

Tarehe 21 Aprili 2024, huko Diyatalawa, mji wa milimani nchini Sri Lanka, yalifanyika mashindano ya Fox Hill baada ya kusimama kwa miaka kadhaa. Ilikuwa ni msimu wa sikukuu za mwaka mpya wa huko, na maelfu ya watu walikuja na familia zao. Gari moja lilipinduka njiani. Wasimamizi wakaanza kuwatahadharisha madereva waliokuwa wakija nyuma wapunguze mwendo. Magari yakaendelea kuja kwa kasi, na moja likatoka njiani na kuingia katikati ya watazamaji. Watu saba walikufa, akiwemo mtoto wa kike wa miaka minane, na wengine zaidi ya 20 wakajeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo pia wasimamizi wa mashindano yenyewe. Hayakuwa mashindano ya wahuni. Yaliandaliwa na jeshi pamoja na chama cha mchezo huo. Kilichokosekana ni kitu cha kulizuia gari lisifike walipo watu.

Wala si jambo jipya. Ureno, mwaka 1986, watazamaji walijipanga pande zote mbili za barabara ya mbio karibu na Sintra, wakiyakaribia magari kiasi cha kuyagusa. Gari moja likawavamia na watatu wakafa. Le Mans, Ufaransa, Juni 1955, vipande vya gari moja vilirushwa jukwaani na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Baada ya hapo Uswisi ilipiga marufuku mbio za viwanjani kwa miongo mingi.

Tujaribu kuifahamu kasi kwa kipimo cha hapa kwetu. Gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa, mwendo ambao dereva wa mbio atauona kuwa wa kitoto, linakata mita 20 kila sekunde. Nguvu iliyomo ndani yake ni sawa na ya gari hilohilo lililoangushwa kutoka kimo cha mita 20, yaani kutoka kileleni mwa mnazi mrefu. Mtu aliyesimama mita 10 kutoka njiani, gari likimgeukia, ana nusu sekunde. Katika nusu sekunde binadamu hajakimbia, bado anashangaa. Na mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu hiyo haiongezeki mara mbili bali mara nne. Kwenye udongo mkavu wenye changarawe, hata dereva akiwa amekwisha kukanyaga breki, gari la mwendo ule wa kwanza huhitaji kama mita 40 ili lisimame.

Kwa hivyo ule utepe wa plastiki mwekundu na mweupe unatuambia mahali pa kusimama tu; haumzuii hata mbuzi. Kizuizi cha kweli ni tuta la udongo, magunia ya mchanga yaliyopangwa kwa unene, au tairi zilizofungwa pamoja safu kwa safu ili zisitawanyike zinapogongwa. Tairi mojamoja zilizochomekwa ardhini kama vigingi hazina faida. Zikigongwa huruka, na kuwa ni hatari nyingine. Mahali ambapo hapana kizuizi, kinachobaki ni umbali, na umbali huo uwe wa makumi ya mita.

Kona ndizo zinazohitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu hupenda kusimama ili waone vumbi likiruka. Gari linapopoteza mshiko kwenye kona haliendelei kupinda. Hushika njia iliyonyooka na kutoka upande wa nje. Basi upande wa nje wa kona ndio mahali pabaya kuliko pote uwanjani, na mwisho wa mnyoosho mrefu unafuata. Tafuteni mwinuko, nyuma ya kizuizi, mahali ambapo mnaweza kurudi nyuma bila ya kukwama kwenye ua au umati. Msikae chini kwenye jamvi karibu na njia, kwani aliyekaa huchelewa kuinuka. Mtoto ashikwe mkono muda wote. Na mwenye kuuza mabuyu na achari asiruhusiwe kusogea mbele ya wateja wake. Hili la mwisho huenda likaonekana dogo, lakini sisi tumewahi kuona safu nzima ya watoto ikivuka mpaka kumfuata mwenye beseni.

Sasa tumrudie kijana na gari lake.

Jambo la kwanza ambalo mama analiweza bila ya kuwa fundi ni kuiomba helmeti aishike mkononi. Vijana wengi huazima ya bodaboda. Helmeti ya pikipiki iliundwa kwa ajili ya mtu atakayeanguka barabarani na kuteleza. Helmeti ya mbio za magari imeundwa kwa ajili ya mtu aliyefungwa ndani ya chuma, ambaye kichwa chake kitagonga nguzo moja mara kwa mara, na ambaye huenda akazungukwa na moto. Kwa hivyo bitana yake haishiki moto upesi. Ndani yake huwa na kibandiko cha kiwango, kama kile cha taasisi ya Snell iliyoanzishwa 1957 kwa ukumbusho wa dereva aliyefariki kwa jeraha la kichwa. Helmeti iliyowahi kuanguka kwa kishindo au kugonga haifai tena, hata ikiwa nje yake inang'ara.

La pili ni mshipi na kizimba. Mshipi wa kawaida wa Starlet una pointi tatu, nao ulikusudiwa safari ya sokoni. Wa mbio hushika mabega yote mawili, kiuno na mapaja, na utepe wake una tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu nyuzi hudhoofika kwa jua na jasho. Lakini mshipi huo ukimfunga dereva wima ndani ya gari ambalo paa lake ni bati tu, gari likipinduka paa humshukia kichwani naye hawezi kuinama. Ndiyo maana hutangulizwa kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya gari, kilichochomelewa kwenye chasisi na mtu anayeijua kazi hiyo. Mabomba ya maji na ya vyuma vya madirisha hayafai, nasi twajua kwamba ndiyo yaliyo rahisi kupatikana katika gereji zetu. Mabomba karibu na kichwa yavikwe sponji ngumu. Kiti kifungwe kwenye chuma cha gari, si kwenye kapeti.

Shingo nayo ina kisa chake. Dale Earnhardt, dereva mashuhuri wa Marekani, alifariki tarehe 18 Februari 2001 katika mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona. Gari liligonga ukuta. Mwili ukazuiwa, kichwa kikaendelea mbele, na tako la fuvu likavunjika. Kifaa cha kukishikilia kichwa kilikuwa kimekwisha kuvumbuliwa na Robert Hubbard tangu miaka ya themanini, lakini madereva wengi walikiona ni kero. Kabla ya mwaka huo kwisha, waandaaji wa mbio zile walikilazimisha. Ni kifaa cha gharama, na hatutegemei kila kijana wa Kisauni au Malindi awe nacho mwaka wake wa kwanza. Basi wasiokuwa nacho wapangiwe njia fupi yenye kona nyingi, ambamo kasi haipandi. Hapo mnakumbuka maili moja ya Bani Zurayq.

Tunapita upesi katika mengine, si kwa udogo wake bali kwa kuwa fundi yeyote mkweli anayafahamu: betri ifungwe isiruke, mafuta yasivuje, mtungi wa kuzimia moto ufungwe pale ambapo mkono wa dereva unaufikia, pawe na swichi ya kukata umeme inayoweza kuzimwa kutoka nje, na kila kitu kilicholegea kitolewe, hata spana chini ya kiti na tasbihi iliyoning'inizwa kwenye kioo. Nguo iwe ya pamba yenye mikono mirefu, ikiwa suti ya kuzuia moto haipatikani. Jezi ya mpira iliyofumwa kwa nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Kuna agizo moja ambalo mama amfundishe mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe, kwa kuwa linahusu hasira, na hasira za mtoto mama ndiye anayezijua. Gari likizimika au kugongwa njiani, abaki ndani, amefungwa mshipi, mpaka msimamizi amfikie. Hatoki isipokuwa kwa moto. Tarehe 9 Agosti 2014, katika uwanja mdogo wa udongo huko Canandaigua, jimbo la New York, dereva wa miaka 20 aliguswa na mwenziwe, gari lake likagonga ukuta. Hakuwa ameumia. Ilikuwa ni usiku. Akatoka na kushuka njiani akimwelekezea mwenziwe kidole kwa ghadhabu, na gari la mwenziwe huyo likamgonga, akafa. Siku chache baadaye mchezo huo ukaweka kanuni ya kubaki ndani ya gari. Aliyekuwa amesalimika kwenye mgongano alikufa kwa sababu ya hatua chache za miguu.

Wasimamizi wenye bendera ndio macho ya dereva. Ya njano ni hatari mbele, punguza na usimpite mwenzio. Nyekundu ni kusimamisha mbio. Msimamizi wa kila kona amwone mwenzake wa kona inayofuata, ama wawe na simu za upepo, kwani vumbi la kwetu hufunika bendera kama ukungu. Palipo na vumbi zito, magari yaachiwe moja baada ya jingine na kupimwa kwa saa, kama inavyofanywa katika otokrosi, badala ya kutolewa kumi kwa pamoja. Vijana hulalamika kwamba kukimbizana na saa hakunogi. Kwa anayeanza, tunaona kwamba ndiyo namna pekee inayostahili.

Kisha ambulensi. Uulize idadi yake, na uulize swali la pili ambalo waandaaji wengi hawalitarajii: ikiondoka na majeruhi, mbio zitasimama mpaka irudi? Ikiwa jibu ni kwamba zitaendelea, basi kila dereva atakayekimbia baada ya hapo hana ambulensi. Ndani yake awemo mhudumu anayejua kumtoa mtu aliyeumia shingo. Dereva peke yake na kitanda havitoshi. Na njia yake ya kutokea iwe wazi, isizibwe na magari ya watazamaji, jambo ambalo hutokea karibu kila mahali penye mkusanyiko, hata kwenye harusi.

Tumefika kwenye fomu. Kwa sheria ya Kenya, Sura ya 34, mwenye kumiliki au kusimamia eneo ana wajibu wa kuchukua uangalifu unaofaa ili wageni wake wawe salama humo. Ni kwa kiasi gani karatasi ya ukurasa mmoja inaweza kumpunguzia mtu wajibu huo ni jambo la mahakama, na mama akitaka kulijua kwa uhakika amwone wakili. Sisi tunalitazama kwa jicho la adabu. Mwandaaji anayeandika kwamba hatadaiwa lolote, na asiandike hata mstari mmoja juu ya atakachokifanya yeye, ameitaka amana bila ya kubeba dhamana. Fomu ya haki ina pande mbili. Upande wa mshiriki: nimefahamu hatari, nitatii bendera, gari langu limekaguliwa. Upande wa mwandaaji: wakaguzi wa magari ni hawa, ambulensi ni ngapi, bima ni hii, hospitali tuliyoiarifu ni ile, kibali cha mbio kimetolewa na nani. Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya ndilo linalotoa vibali na leseni za washindani, na yako madaraja ya watoto na vijana chini ya usimamizi wake. Si aibu kumwomba mwandaaji akuonyeshe karatasi hiyo. Na mjomba aelezwe kwamba bima ya kawaida ya gari, kwa desturi, haigusi mbio. Gari likiungua, limeungua. Na mtu akiumizwa, gharama yake itatafutwa kwenye mifuko ya familia.

Ziko pia fedha za zawadi. Ikiwa ada za washindani ndizo zinazokusanywa na kupewa mshindi, wanazuoni wana maneno mazito juu ya hilo, na kuweka dau pembeni mwa uwanja ni kamari bila ya shaka. Ulizeni kwa masheikh wenu mapema. Tunalitaja kwa sababu mbio zenye dau huwafanya vijana wakatae kupunguza mwendo bendera ya njano inapoinuliwa.

Dada yetu, jawabu letu ni hili. Usitie saini wiki hii, na usimwambie kijana kwamba umekataa. Mwambie kwamba saini yako ina bei, na bei yake ni majibu. Yeye ndiye akayatafute: kibali, ukaguzi, kizuizi, ambulensi, bima. Kijana aliyeweza kuifufua Starlet iliyokuwa imekufa hashindwi kumhoji mwandaaji, na namna atakavyoyaleta majibu hayo itakuonyesha kama amekwisha kukomaa kuingia uwanjani. Akileta majibu yanayoridhisha, tunaona kwamba unaweza kumruhusu kwa daraja la chini, kukimbizana na saa, akiwa peke yake njiani. Akija na jibu la "wamesema tusijali", basi saini haipo, na hilo aelezwe mbele ya mjomba. Baba yake naye apigiwe simu sasa, kabla ya jambo kuwa limekwisha kuamuliwa. Asije akasikia habari kutoka kwa majirani walioko naye huko Doha. Kuhusu khofu yako ya barabara ya usiku, ufunguo wa gari uko gerejini kwa nduguyo. Mwombe aubebe mwenyewe anapofunga.

Na kuna jambo moja ambalo halimhitaji fundi wala wakili. Siku ya kuamkia mbio, baada ya swala ya Alasiri, nendeni uwanjani wewe, kijana na mjomba, wakati tuta na tairi zinapopangwa. Ikague njia kwa miguu, mzunguko mzima. Simama kwenye kila kona upande wa nje, utazame kilicho mbele yako na kilicho nyuma yako. Kisha uwaulize wanaopanga ni wapi watakaposimama kina mama na watoto, nawe ukasimame hapo.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.